Saraka isiyomkataa mtu: je, kuorodhesha tovuti mtandaoni kunalipa?

Kama una tovuti ya biashara, ujumbe huu umeshakufikia au uko njiani: "Bosi, tunaiingiza tovuti yako kwenye saraka 500 za dunia nzima, unapanda hadi namba moja Google. Elfu themanini tu, malipo kwa simu." Unakuja kwa WhatsApp, unakuja kwa barua pepe, siku nyingine unakuja kwa sauti ya kijana mchangamfu anayekuita mkurugenzi.

Mimi nililipa. Ilikuwa miaka kadhaa iliyopita, nikisimamia tovuti ya nyumba ya wageni ya mjomba wangu pale Moshi, na nilijiona mjanja kwa kupunguziwa hadi elfu sitini. Yaliyofuata nitayasimulia baadaye, maana usipojua saraka, yaani orodha ya tovuti zilizopangwa kwa mafungu, ni kitu gani na zilifikaje hapa zilipo, utadhani yalikuwa mkosi tu.

Ugumu unaanzia kwenye swali lenyewe. "Je, kujiorodhesha kunasaidia?" ni maswali matatu yaliyovaa kanzu moja. La kwanza: je, kuna watu watakaopita kwenye saraka hiyo wakaniona? La pili: je, kiungo, yale maandishi ya kubofya, kinachotoka huko kuja kwangu kitaipandisha tovuti yangu kwenye matokeo ya Google? La tatu: je, kuandikwa huko kutazifanya ramani na mashine za utafutaji ziamini kwamba biashara yangu ipo kweli, mahali fulani, kwa namba fulani ya simu? Majibu yake hayafanani hata kidogo. Muuzaji wa saraka 500 anakuuzia la pili huku akikuonjesha la kwanza, na la tatu pengine hajawahi kulisikia.

Ushauri uliozeeka

Mambo haya hayakuanza kama utapeli. Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo, walianza kuandika orodha ya tovuti walizozipenda na kuzipanga kwa mafungu. Orodha hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Yahoo. Ilifanana na kitabu cha simu chenye kurasa za njano, ila cha tovuti, na kila jina liliingizwa kwa mkono wa mtu. Mwaka 1998 ikaja nyingine iliyoanza kwa jina la Gnuhoo, ikaitwa NewHoo, ikanunuliwa na kampuni ya Netscape mwaka huohuo, na wengi tukaijua kwa jina la DMOZ. Hiyo ilihaririwa na watu wa kujitolea. Hadi inafungwa ilikuwa na tovuti zaidi ya milioni 3.8, na wahariri zaidi ya 90,000 walikuwa wamepita humo.

Angalia ilivyokuwa vigumu kuingia. DMOZ haikutoza kitu, lakini uliweza kupeleka ombi, ukasubiri miezi, na usijibiwe kabisa. Yahoo ilitoza tovuti za biashara dola 299 kwa mwaka, na ada ile ilikuwa ya kukaguliwa, si ya kukubaliwa. Mkaguzi asiporidhika, hela imekwenda na jina halikuingia.

Mwaka huohuo wa 1998 Larry Page na Sergey Brin walianzisha Google kwa wazo kwamba kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine ni kama kura, na kura ya tovuti inayoheshimika ina uzito kuliko ya tovuti isiyojulikana. Sasa fikiria kiungo cha DMOZ: binadamu amekaa, ameisoma tovuti yako, ameona inafaa, ameiweka kwenye fungu lake. Isitoshe, data za DMOZ ziliruhusiwa kunakiliwa, na Google yenyewe ilikuwa na saraka iliyojengwa juu yake hadi ilipoifunga mwaka 2011. Ukiingia mara moja, jina lako linaenea kama habari ya msiba. Hapo ndipo ushauri wa "jiorodheshe kwenye saraka" ulipozaliwa, na kwa wakati wake ulikuwa ushauri mzuri.

Kilichouharibu ni kueleweka nusu. Watu waliona kiungo kina thamani, wakasahau kwamba thamani ile ilitoka kwa mhariri mwenye uwezo wa kusema hapana. Zikatoka programu za bei ndogo ambazo mtu angeweza kuzitumia kufungua saraka yake kwa alasiri moja, ikiwa na mafungu yote kuanzia kilimo hadi kamari, na ikimpokea kila abishaye hodi. Hakuna aliyezisoma saraka hizo isipokuwa roboti za Google na wauza viungo wenyewe. Na orodha isiyomkataa mtu haisemi lolote kuhusu aliyemo.

Tarehe 24 Aprili 2012 Google ikatoa badiliko lililoitwa Penguin, likilenga viungo vya kutengenezwa. Tovuti zilizopandishwa na saraka za namna hiyo zikaporomoka. Yahoo ikafunga saraka yake mwishoni mwa 2014. DMOZ ikazimwa Machi 2017, na ingawa baadhi ya wahariri wake wanaiendeleza kwa jina la Curlie, zama zake zimepita. Saraka zilizoupa ushauri ule maana zimeshazikwa. Ushauri wenyewe bado unauzwa kwa elfu themanini.

Viungo vikizidi

Kiswahili kimetupa neno zuri hapa, kwa sababu viungo vya tovuti na viungo vya pilau ni jina moja, na kosa la mpishi ni lilelile. Aliyesikia kwamba iliki inanukisha pilau akamwaga kopo zima hajapika pilau.

Kiungo bado ni kura machoni pa Google. Gazeti likiandika habari zako na kukuunganisha, chuo kikikutaja, mwandishi wa safari akikusifu, hizo ni kura halali. Ila kwenye kanuni zake za kupambana na spamu, Google inazitaja saraka za hali duni waziwazi, kwenye orodha moja na ununuzi wa viungo. Kwa hiyo anayekuuzia saraka 500 anakuuzia kitu ambacho mwenye soko amebandika tangazo mlangoni kwamba hakipokelewi.

Je, zitaiua tovuti yako? Hapa wauza hofu nao wana biashara yao, kwa hiyo twende taratibu. Tangu Septemba 2016, Penguin huvipuuza viungo vibaya badala ya kuishusha tovuti nzima. Adhabu inayotolewa na mfanyakazi wa Google baada ya ukaguzi bado ipo kwa anayenunua viungo kwa wingi na kwa makusudi, lakini mwenye duka la vitenge Kariakoo aliyeingizwa kwenye saraka 300 na kijana wa mtandao hana haja ya kukesha. Mara nyingi anachopoteza ni hela yake tu. Kipo chombo cha kuiambia Google kwamba unavikana viungo hivyo, ilikitoa Oktoba 2012, na yenyewe inasema tovuti nyingi hazikihitaji. Akija mtu kukudai malipo ya "kusafisha viungo" baada ya mwenzake kukuuzia hivyohivyo, mshukuru na umfungie mlango.

Jambo moja zaidi ambalo wauzaji hawalitaji. Tangu Januari 2005 kuna neno dogo linaloweza kuandikwa ndani ya msimbo wa kiungo, nofollow, linaloiambia mashine ya utafutaji isikihesabu kiungo hicho kuwa kura. Siku hizi Google hulichukulia kama dokezo kuliko amri, lakini majukwaa mengi makubwa hulitumia. Ndiyo kusema saraka yenye wageni wengi huenda isikupe kura hata moja, wakati ile isiyo na msomaji inakuahidi kura 10. Ukipima kwa kura utamkimbia mwenye wateja ukamkumbatia asiye na mtu. Wengi wetu ndipo tulipopotelea.

Jifanye mteja

Kipimo cha swali la kwanza, la watu, hakihitaji fundi. Chukua simu, fungua dirisha la faragha ili Google isifuate mazoea yako, kisha andika kile ambacho mteja wako angeandika. Si jina la kampuni yako. Mteja mpya halijui. Andika "fundi AC Mikocheni", au "hosteli bei nafuu Dodoma", au kwa Kiingereza kama wateja wako ni wageni. Tazama ukurasa wa kwanza. Kama kuna saraka humo, ingia, hata kama kiungo chake hakina uzito wowote, kwa sababu mteja anapita mlangoni pake. Saraka ambayo haitokei kwa neno lolote analoandika mteja wako ni kibanda cha chipsi katikati ya pori. Hata ukipewa bure, utamkaangia nani?

Kwa biashara nyingi za nyumbani kwetu, jaribio hili hutoa majibu mafupi: ramani ya Google juu, kurasa za Facebook na Instagram, tovuti moja mbili za matangazo ya kuuza na kununua, basi. Fundi wa friji Mwanza anamalizia hapo.

Utalii ni habari nyingine. Mtu wa Uholanzi au Marekani anayetaka kupanda Kilimanjaro hamjui mtu Moshi. Anaanza kwa kulinganisha. Atapita Tripadvisor, iliyoanza mwaka 2000. Akitaka kwenda mbugani huenda akapita SafariBookings, ambako kampuni za safari za Afrika zimepangwa pamoja na maoni ya waliosafiri nazo. Kampuni ndogo ya Arusha yenye maoni 40 ya kweli mahali kama hapo ina mali kuliko yenye tovuti ya mamilioni isiyotajwa popote. Kazi ni kubwa, kwani kila maoni lazima yaombwe na yajibiwe, hasa yale mabaya, na hakuna kijana wa elfu themanini atakayekufanyia.

Halafu kuna orodha moja ninayopenda kuitolea mfano, kwa sababu imebeba kilekile kilichoifanya DMOZ iheshimiwe. Pale Moshi kuna mradi uitwao KPAP, unaotetea wapagazi wa Kilimanjaro. Unafuatilia kampuni za kupandisha wageni mlimani: mpagazi analipwa kiasi gani na lini, anabeba kilo ngapi wakati kikomo ni 20, analala wapi, anakula nini. Kampuni zinazotimiza masharti huandikwa kwenye orodha ya washirika wa mradi, na wageni wanaojali mambo hayo huanzia kwenye orodha hiyo kabla ya kuuliza bei. Kinachokuingiza ni jinsi unavyowatendea watu wako mlimani, na ukiharibu unaweza kutolewa. Ukitajwa pale, umesemewa na mtu mwingine jambo ambalo ukijisemea mwenyewe hakuna atakayeamini.

Kila fani ina orodha za namna hiyo, ingawa hakuna anayeziita saraka. Wenye kampuni za utalii wana vyama, TATO kwa Tanzania na KATO kwa Kenya, na wakala wa ng'ambo anayetaka kujua kama kampuni ni ya kweli hupekua orodha za wanachama wake. Wakili wa Tanzania hutazamwa kwenye e-Wakili ya Mahakama. Mkandarasi hutazamwa kwenye orodha ya bodi yake ya usajili. Kama umestahili kuwemo na jina lako limekosewa herufi au halina anwani ya tovuti, kulirekebisha ni kazi yenye faida kuliko saraka 500, na mara nyingi utahitaji barua pepe moja tu na uvumilivu kidogo.

Mkabala na sheli

Swali la tatu ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu sisi tuna shida yetu ya pekee.

Kwa biashara yenye mlango wa kuingilia, orodha yenye manufaa kuliko zote ni Wasifu wa Biashara kwenye Google, ule unaokuweka kwenye ramani. Hautozwi chochote, na Google inasema wazi kwamba hakuna malipo yanayoweza kukupandisha kwenye matokeo ya eneo. Inaangalia mambo matatu: biashara yako inahusiana vipi na kinachotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. Kwenye hilo la mwisho ndipo maoni ya wateja na kutajwa kwako kwingine mtandaoni kunapohesabika, na ndipo saraka chache za kweli zinapopata kazi.

Ila ni lazima taarifa zifanane. Ukiandikwa "0754" hapa na namba nyingine kule, jina la zamani huku na jipya kule, mashine haijui kama ni biashara moja au mbili. Fomu hizi zilibuniwa na watu wenye namba za nyumba. Sisi tunaelekezana: ukishuka sheli ya pili, mkabala na msikiti, geti la bluu. Nimeona nyumba moja ya wageni imeandikwa kwa mitaa mitatu tofauti na mmiliki akaapa kwamba yote ni sahihi, na kwa kweli yote ilikuwa sahihi. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022, maeneo mengi ya Tanzania yana vibao vya majina ya mitaa na namba. Tumia hiyo, iandike kwa namna ileile kila mahali, na maelezo ya sheli na msikiti yaache kwenye sehemu ya ufafanuzi, ambako yatamsaidia bodaboda. Sanduku la posta Google hailitambui kuwa mahali pa biashara. Pini iweke wewe mwenyewe ukiwa umesimama mlangoni. Ukiombwa kurekodi video ya kuthibitisha, onyesha barabara, bango la biashara, na wewe ukifungua mlango kwa ufunguo wako.

Usiisahau OpenStreetMap, ramani huria iliyoanza mwaka 2004. Dar es Salaam inaijua vizuri kupitia mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, ambapo wanafunzi na wakazi waliingia mitaani kuchora mitaro na nyumba za maeneo yanayofurika. Programu nyingi za ramani zinazofanya kazi bila bando huchota humo, na mtalii anayezunguka Zanzibar bila laini ya simu ya hapa huenda anakutafuta kwa ramani hiyo. Kujiweka ni bure. Ila ukiandika "bora kuliko wote Paje" mtu ataifuta sentensi hiyo, na atakuwa na haki.

Kabla sijarudi Moshi, nikutahadharishe na fomu moja. Inakuja kwa barua au barua pepe, ina sura ya kiserikali, inasema "hakiki taarifa za biashara yako, bure", na kwa maandishi ya ukubwa wa sisimizi chini inasema kwamba ukitia saini umeagiza tangazo kwenye saraka yao kwa miaka 3, takriban yuro 1,000 kila mwaka. Ulaya iliwaumiza watu wengi kiasi kwamba Bunge la Ulaya lilipitisha azimio kuhusu kampuni za namna hiyo tarehe 16 Desemba 2008. Bado zinazunguka, na huku kwetu zinawapenda sana waliowahi kushiriki maonyesho ya biashara ya nje. Usisaini, na ukishasaini usiharakishe kulipa kabla hujaongea na mwanasheria.

Sasa elfu sitini zangu. Nililetewa jedwali la Excel lenye mistari 412, kila mstari saraka moja. Nilifungua 20 za mwanzo. Nusu hazikufunguka, nyingine zilimweka mjomba kati ya mikopo ya haraka na vidonge vya kupunguza unene. Nikasubiri nusu mwaka nikitazama takwimu za wageni wa tovuti. Kutoka saraka zote zile hakuja mgeni hata mmoja. Barua pepe za wauza viungo zilikuja, nyingi, kwa anwani niliyoitumia kujaza fomu.

Mwaka uliofuata mjomba alipoteza simu, akazembea kurudisha laini, akanunua mpya. Namba ya zamani ilikaa bila kutumika hadi kampuni ya simu ikaichukua na kuiuza kwa mtu mwingine. Kwenye Google nilibadilisha kwa dakika tano. Kwenye zile 412 sikuweza: nywila nyingi alikuwa nazo kijana, na kijana alishaacha kupokea simu zangu. Tovuti nyingine zikaanza kuinakili namba ile kutoka kwenye saraka hizo, na saraka ambazo hazikuwahi kuleta mteja zikaanza kumpelekea wateja wa mjomba mtu asiyehusika.

Alikuwa mfugaji wa kuku huko Singida. Alinipigia mwenyewe, baada ya kuitafuta tovuti, akauliza kwa upole kama vyumba vyetu vina maji ya moto, kwa sababu anaulizwa sana na hapendi kudanganya watu. Nikamwambia vina. Tangu siku hiyo huwajibu wapigaji, akawapa namba sahihi, na kila mwisho wa mwezi mjomba humrushia vocha.